Barua ya Papa Agnès

Ninaandika majina ya ubatizo kwa makusudi. Mwaka ule, 1976, yalikuwa yamekatazwa na Chama kilichotawala nchi. Kwenye vitabu vya masomo kila mutu alikuwa citoyen, ni kusema mwananchi, na jina la mababu. Lakini mutoto wangu alikuwa Agnès, mwalimu wake alikuwa Eulalie, na directeur wa shule alikuwa Firmin tangu siku mama yake alipomubeba kwenda kubatizwa. Sitamuficha mutu nyuma ya citoyen. Mimi mwenyewe ni Barthélemy, na katika habari hii mimi si mutu mwema.

Ni fundi wa viatu. Meza yangu iko Kadutu, Bukavu, kando ya njia inayoshuka sokoni, pale mvua inapoleta matope ya mulima muzima na kuyaweka juu ya vidole vyako. Kusoma sikusoma. Baba alikuwa na ng'ombe wawili na mutoto mumoja wa kuwachunga. Hesabu yake iliishia hapo. Agnès alipoingia mwaka wa kwanza, nami nikaingia. Kila siku akitoka masomo alipita kwenye meza, akafungua cahier, daftari lake, juu ya ngozi, akasoma kwa sauti huku mimi nikikata soli kwenye mupira wa gari.

"Papa, hiyo b yako iko na mimba upande ya nyuma," alikuwa akiniambia, na wateja wanacheka, mguu mumoja ndani ya kiatu, mwingine wazi.

Tulipofika mwaka wa sita, mimi na mutoto wangu tulikuwa darasa moja, ila mimi sikuvaa uniforme.

Mwalimu Eulalie alikuwa amelishika darasa hilo tangu mwaka wa ine, akipanda nalo. Alitoka Nyangezi. Mwanamuke mufupi, mukavu. Viatu vyake nilivitia soli mara tatu kwa mwaka mumoja kwa sababu alifundisha akitembea, benchi kwa benchi. Mutoto akikosa, hakumupiga. Alisema, "Ngoja, sijakuambia vizuri," akaanza tena kwa njia nyingine: kwa maharagi, kwa vijiti, kwa karatasi ya kukunja. Agnès alimuigiza nyumbani, "Ngoja, sijakuambia vizuri," na mama yake anacheka mpaka anaacha kusonga bugali. Darasa alilolipandisha kabla ya lile lilipita mutihani wa mwisho karibu zima. Sisi wazazi hatukuuliza kwa nini. Tulidhani ni kitu kinachokuja chenyewe, kama mvua.

Tarehe kumi na sita, mwezi wa pili, cahier ilinyamaza.

Walikuwa katika somo la sehemu. Mukulima wa Luberizi ana shamba. Robo tatu ya shamba amepanda mupunga, na theluthi ya mupunga ule imebebwa na maji. "Mupunga unaobakia ni..." Hapo ndipo mwandiko wa Agnès unaishia. Chini yake karatasi nyeupe.

Ilikuwa imetangazwa kwamba mukubwa mumoja wa Chama atatoka Kinshasa, na kila masomo, kila shule, itoe watoto wa kufanya animation, ni kusema kumuimbia na kumuchezea sifa za Chama. Firmin akatoa darasa la sita lote, kwa sababu walikuwa warefu na wangeonekana vizuri. Siku ya kwanza tulifurahi. Mutoto anapewa kitambaa kipya, nani angekataa? Wiki ikawa mbili. Mukubwa alikuwa anakuja mwezi wa tatu. Kisha wa ine. Kisha mvua ikiisha. Asubuhi yote watoto walikuwa kwenye uwanja wa mupira, na walirudi nyumbani sauti zimekauka.

Kila siku niliuliza, "Na mwalimu?"

"Iko pale na sisi, Papa."

"Anafanyaka nini?"

"Anaikala pale kwa ukuta. Anaandika."

Anaandika! Mutoto wangu anaruka kama panzi kwenye jua, na mwalimu amekaa kivulini na kalamu. Hasira yangu ilikuwa inatafuta mutu wa kumushika. Kumushika mukubwa wa Chama haikuwezekana. Hata kumutaja mezani ilikuwa hatari, kwa sababu hukujua aliyevua kiatu mbele yako ni mutu wa nani. Mwalimu, yeye, alikuwa karibu. Na alikuwa mwanamuke.

Sasa sikiliza namna nilivyofanya. Mwezi wa kwanza Eulalie alikuwa amewafundisha watoto kuandika barua. Mufano ulikuwa mule ndani ya cahier: mahali na tarehe juu, upande wa kuume, "Citoyen Directeur, nina heshima ya kukujulisha", jina na saini chini. Nikafuata mustari kwa mustari. Ilikuwa barua yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Niliandika kwamba mwalimu wa mwaka wa sita hafundishi tangu mwezi wa pili, anakaa tu, na watoto wetu wanapotea. Sikuandika neno uwanja. Sikuandika neno animation. Wazazi kumi na mumoja wakatia kidole. Mimi peke yangu nikatia saini, nikaipigia mustari chini kama mutu mwenye ofisi.

Camille, mama anayeuza chumvi kwenye meza ya jirani, alichungulia. "We Barthélemy! Kumbe uko mwandishi? Kesho utaandikia na Papa wa Roma!"

Firmin aliisoma akiwa amesimama. Akatabasamu.

"Papa Agnès, uko na mukono muzuri. Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha mwenyewe," nikasema.

Mukubwa alikuja mwisho wa mwezi wa tano. Gari lake lilipita mbele ya uwanja, kioo kikashuka kidogo, mukono ukatoka, kioo kikapanda. Watoto walikuwa hawajamaliza hata wimbo wa kwanza.

Siku iliyofuata Eulalie alikuja mezani kwangu. Hakuleta kiatu. Alikuwa na daftari kubwa, lile wanaloita journal de classe: humo mwalimu anaandika kila siku somo alilotoa, directeur anatia saini kila wiki, na inspecteur, mukaguzi wa masomo, akija ndilo analolisoma.

"Jambo, Papa Agnès. Kazi inaenda?"

"Tunajikaza, mwalimu." Sikuweza kumutazama.

Alilifungua daftari juu ya ngozi, pale Agnès alipokuwa akifungua cahier.

"Balimu bote ba shule zingine pale uwanjani bameandika masomo yenye habakufundisha. Directeur wetu naye alisema, journal isibakie na nafasi. Mimi sikuandika uongo. Angalia."

Nikaangalia. Nilisoma mwenyewe, bila musaada. Tarehe kumi na sita: leçon non donnée, élèves au terrain. Somo halikutolewa, wanafunzi wako uwanjani. Tarehe kumi na saba: non donnée. Kumi na nane: non donnée. Kurasa na kurasa, miezi mitatu, kwa ule mwandiko wake ulionyooka, na saini ya Firmin haimo. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya pale ukutani.

"Nyuma ya wiki tatu iko mutihani," akasema. "Habatapita. Kama journal inasema nilibafundisha, batasema batoto njo bajinga. Kama inasema habakufundishwa, inspecteur anaweza kubapatia mutihani ingine mwezi wa kenda, na mimi nitabafundisha vacances yote, mwezi wa saba na wa munane. Lakini mimi peke yangu hatanisikia. Bazazi baandike. Agnès aliniambiaka unajua kuandika."

Camille aliinamia chumvi yake.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nilishaandika."

Nikamwambia yote. Alisikiliza bila kunikata neno, daftari amelishika kifuani kwa mikono miwili. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Uliweka tarehe juu, upande ya kuume?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri," akasema, akapanda njia.

Inspecteur alifika kabla ya mutihani, nami nikaitwa. Ofisi ya Firmin ilikuwa na harufu ya chaki na ya miti mipya. Inspecteur, muzee wa miwani, alikuwa ameweka maandishi mawili mbele yake, bega kwa bega: journal ya Eulalie na barua yangu. Journal peke yake ingeuliza ni nani aliyewatoa watoto darasani. Barua yangu ilikuwa imeshajibu. Amri ya kwenda uwanjani Firmin aliitoa kwa mudomo; haikuandikwa mahali popote. Kosa la mwalimu, lenyewe, lilikuwa limeandikwa, likatiwa saini na vidole kumi na mumoja.

"Papa citoyen, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Unasema mwalimu hafundishi. Yeye anaandika kwamba watoto walikuwa uwanjani. Walikuwa wanafanya nini uwanjani?"

Swali ndilo hilo. Alikuwa anajua jibu. Bukavu yote ilisikia zile ngoma. Lakini ilihitajika mutu mumoja aseme ndani ya chumba kile kwamba michezo ya Chama imeua darasa. Firmin aliacha kuchezea kalamu. Mimi nikawaza fundi cherehani wa barabara yetu, aliyesema maneno madogo kuliko hayo juu ya kitambaa cha Chama tu, wakaja kumuchukua, na muke wake anauliza mpaka leo. Nikatazama viatu vya inspecteur. Viatu vizuri. Soli ya kushoto ilikuwa imeanza kuliwa.

Nikahesabu mishono yake, mumoja mumoja.

Eulalie akaniangalia. Hakuniangalia kwa chuki. Ningependa ingekuwa chuki. Aliniangalia kama mutoto wa benchi la nyuma ambaye jibu limemukimbia.

"Inspecteur," akasema, "muache huyu muzazi. Darasa iko yangu. Kama batoto habajui, ni mimi sikubafundisha. Andika vile. Lakini uandike na hii: habakufundishwa, bapatie mutihani ingine."

Inspecteur aliandika nusu ya kwanza.

Mwanzo wa mwezi wa saba ikawa proclamation, siku ile directeur anasoma majina na pointi mbele ya wazazi wote. Watoto wanasimama katikati ya kiwanja. Ukiitwa, unatoka mbio, mama zako wanapiga vigelegele na kukumwagia poda kichwani. Usipoitwa, unabaki umesimama palepale, na kila mutu anakuona. Mwaka wa sita walikuwa watoto makumi tatu na sita. Firmin aliita watatu, akafunga karatasi. Agnès alikuwa bado anamutazama mudomo.

Eulalie alikuwa ameshafukuzwa; barua ya kumufukuza ilikuwa na tarehe juu, upande wa kuume. Hakuna aliyemungojea pale. Alitoka upande wa mulango, akakata kiwanja, akaingia katikati ya wale makumi tatu na watatu na kusimama kama wao, mikono chini. Wengine walikuwa wanamupita kwa urefu.

"Citoyenne, toka pale," Firmin akasema.

"Niko pahali pangu, citoyen Directeur. Endelea kusoma."

Alisoma mwaka wa tano. Alisoma wa ine. Alimaliza mpaka wa kwanza, poda ikamwagika, vigelegele vikapigwa, na wao walibaki pale katikati kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Mimi nilikuwa ukutani, nyuma. Hatua makumi tano. Sikuzipiga.

Mwezi wa kenda hakukuwa na mutihani mwingine. Masomo ikasema watoto wakubwa kwa umri hawatarudia mwaka, na Agnès alikuwa anakaribia kumi na mitano. Akaenda kukaa na Camille kwenye chumvi. Eulalie alirudi Nyangezi. Nilimufuata mara moja, kwa miguu. Nikakuta mulango umezuiwa kwa muti, na jirani akaniambia amefuata kaka yake kwenye dhahabu, Shabunda, anapikia wachimbaji. Hakuna aliyeniambia zaidi ya hapo.

Watu wa Kadutu wananiita mutu aliyejifundisha mwenyewe. Wananiletea barua za kuandika, na nimeandika nyingi, nyingine zimenilaza kwenye simenti ya cachot, nyumba ya kufungia watu. Mutu akija kunishitakia mwalimu, ninaweka kalamu chini. Ninamuuliza: nani alimutoa darasani? Anataka kukasirika, ninamungoja akasirike mpaka mwisho, halafu ninamuuliza tena. Hesabu nilizimaliza katika kitabu kikuukuu kilichofungiwa karanga. Sehemu ya kwanza niliyoipunguza ilikuwa hii: watatu juu ya makumi tatu na sita. Ni moja juu ya kumi na mbili.

Siku moja Agnès, mutoto wake mugongoni, alikuwa anatafuta kipande cha ngozi chini ya meza yangu, akakuta ile cahier. Akasoma polepole, kwa kidole, yeye aliyekuwa akinicheka.

"Mupunga unaobakia ni..." Akageuza karatasi, akairudisha. "Papa, ilibakiaka ngapi?"

"Nusu ya shamba," nikasema.

"Kwa nini iko nusu? Banasema theluthi njo ilienda."

"Theluthi ya ile robo tatu. Robo tatu ni robo moja, na moja, na moja. Sasa maji..." Macho yake yalikuwa yamenikimbia, yanaangalia wateja wa chumvi. "Ngoja," nikasema, "sijakuambia vizuri."

Aliposikia hivyo, akafunga cahier na kuiweka mahali alipoitoa.

"Acha, Papa. Mvua iko inakuja," akasema. "Chumvi yangu italowana."