Karatasi Tano za Kornel

Kalista hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mkifika katikati mtataka kumtukana, na mimi mwenyewe nimeshamtukana mara kadhaa. Alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne katika zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kwake Kizwite, Sumbawanga mjini. Wakulima wa huko walimwita daktari. Jina hilo lilikuwa tamu masikioni, na lilimchoma pia, maana alijua si lake. Alitaka liwe lake kweli.

Mwaka ule, wa pili baada ya vita vya Kagera, ikaja barua kutoka mkoani. Watumishi wa afya wenye uzoefu waruhusiwe kufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari Dar es Salaam. Wilaya itapeleka mtu mmoja tu, atakayewashinda wenzake. Mwisho wa umri, miaka thelathini na mitano. Kalista alikuwa na thelathini na mitano kamili, na Januari, mwezi wake wa kuzaliwa, ilikuwa inakuja. Ilikuwa mwaka huo au asahau maisha.

Wilaya nzima walijiandikisha wawili, na Mungu naye ana vituko vyake, wote wawili walifanya kazi zahanati ile ile. Wa pili alikuwa Atuganile, binti wa miaka ishirini na minne, baba yake bwana shamba aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Tukuyu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, kisha kozi ya uuguzi. Mcheshi, mwepesi wa kazi, na mwenye adabu mpaka adabu yenyewe inaudhi. "Shikamoo dada," kila asubuhi, kabla hata Kalista hajaegesha baiskeli. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kalista aliona huyu mgeni amekuja, na mwenyeji ndiye ameanza kuugua.

Sasa, karatasi. Binamu yake Kalista, Kornel, aliendesha lori la mahindi mpaka Dar. Aliporudi safari moja alikuja na karatasi tano za mitihani ya miaka ya nyuma, zimechapwa kwa stensili, wino unabaki vidoleni. Mtu mwenye akili angempelekea ndugu yake nyumbani, akampa kimya kimya. Lakini Kornel na kupenda sifa kwake! Alizitoa barazani pa zahanati, mbele ya wagonjwa, na katibu wa tawi la chama, mzee Marselino, ameketi pale pale akisubiri dawa ya mgongo.

Mzee Marselino akazipokea, akazigeuzageuza, akasema, "Hizi ni za hawa mabinti wote wawili. Kijiji kinacholima shamba moja hakiwezi kuwa na mtihani wa mtu mmoja."

Watu wakapiga makofi. Kalista naye akapiga. Moyoni alimlaani Kornel, akalilaani na lori lake.

Wakapatana hivi. Kila Jumamosi mchana, wagonjwa wakishaondoka, watafanya karatasi moja. Saa ya ukutani itawahesabia saa mbili, hakuna kuongea. Kwa kuwa karatasi zilikuja bila majibu, kila mmoja atamsahihishia mwenzake, arudishe Jumatatu. Kitabu cha biolojia kilikuwa kimoja tu, kizito, zawadi ya masista waliomfundisha Kalista uuguzi, na kilikaa nyumbani kwake Kizwite. Kalista alisahihisha kwa kitabu. Atuganile alisahihisha kwa kichwa chake, na hilo peke yake lilitosha kumnyima mtu usingizi.

Karatasi ya kwanza Kalista aliisahihisha kwa haki. Atuganile alipata sabini na tisa. Kalista alijumlisha mara tatu, akitumaini amekosea hesabu. Yake iliporudi Jumatatu ilikuwa na hamsini na nane. Mumewe, Evaristi, mwalimu wa shule ya msingi, alisikia maksi zote mbili pale mezani akasema, "Yule binti ana kichwa." Alisema hilo tu, akamega ugali. Kalista aliusukuma wake kando.

Hamsini na nane! Miaka kumi na minne ya kuzalisha, kushona vidonda, kufunga mifupa, halafu kitoto cha juzi kinamzidi kwa maksi ishirini na moja. Aliona wivu wa kila kitu: mwandiko wa Atuganile, ulivyolala vizuri, jinsi alivyocheka na kina mama, hata zile kalamu mbili alizokuwa nazo wakati wengine wanagombea moja. Usidhani wivu huchagua, ukishaingia unakula mpaka kalamu.

Jumamosi ya pili Atuganile aliandika jibu la kazi ya figo, zuri, kamili, hakuna neno la kuongeza. Kalista alikaa nalo muda mrefu jikoni. Kisha akalipiga mkasi wa wino mwekundu, alama ya kosa. Maksi nne, basi, alijiambia, za kumpunguzia kiburi. Lakini Atuganile hakuwa na kiburi, na Kalista alijua. Akaenda swali linalofuata, akapiga mkasi mwingine. Kufika mwisho yule wa sabini na tisa alikuwa na sitini na nne.

Kuiba maksi ni rahisi, kazi ni kuzitetea. Baada ya karatasi ya tatu Atuganile alikuja na kiti chake, akakaa karibu, karatasi mapajani.

"Dada, hili la chumvi sijaona nimekosea wapi."

Swali liliuliza kwa nini mtoto anayehara asipewe maji yenye chumvi nyingi. Atuganile alikuwa ameeleza kwamba chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini, na mtoto aliyekwisha kukauka hukauka zaidi. Ndivyo ilivyo, na kila anayefanya kazi ile anapaswa kujua.

"Umekariri osmosisi tu," Kalista alimjibu, bila kupepesa. "Chumvi inashika maji. Ikiwa nyingi, maji hayatoki. Swali hilo ni mtego."

"Sisi tulifundishwa kijiko kimoja cha chai kwa lita."

"Mafundisho ya zamani hayo."

"Kitabu kinasema hivyo?"

"Kinasema hivyo."

Atuganile aliitikia kwa kichwa polepole, akaandika pembeni ya karatasi maneno ya Kalista, neno kwa neno. "Asante dada. Bila wewe ningekwenda kuaibika."

Mtu mwingine angeona haya hapo. Kalista aliona raha. Wiki zile alipanda baiskeli akiimba. Maksi zake zilikuwa zinapanda, sitini na moja, sitini na tatu, sitini na sita, sitini na nane, na za mwenzake zinashuka, hamsini na saba, hamsini na mbili, arobaini na tisa. Alianza hata kumhurumia, akamletea mahindi ya kuchoma kutoka kwake. Siku Atuganile aliposema kwa sauti ndogo, "Labda nijitoe, dada, nafasi hii ni yako," Kalista alimshika bega akamwambia asikate tamaa. Alijiona mwema sana.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani. Jumatano hiyo Kalista alikuwa chumba cha ndani, anamshona mkulima aliyejikata jembe mguuni. Alipotoka akamkuta Agnesi, mama wa nyumba za mstari wa pili, amepakata mtoto wa miezi minane aliyehara siku mbili, macho yameingia ndani. Atuganile alikuwa mezani na jagi la maji yaliyochemshwa. Alitia kijiko cha chumvi. Akatia cha pili. Akatia cha tatu.

"Unafanya nini?" Kalista aliuliza.

"Sukari imekwisha, dada, hata kwenye foleni haipo. Nimefidia kwa chumvi." Akakoroga. "Si inashika maji?"

"Hiyo imezidi. Imwage."

"Haijazidi. Nimeyafikiria sana maneno yako, na yana maana." Alitabasamu, tabasamu la mwanafunzi anayemrudishia mwalimu somo lake. "Hata Jumatatu kwenye kliniki ya watoto nimewafundisha kina mama. Nimewaambia sukari ikikosekana waongeze chumvi. Walikuwa kumi na mmoja."

Kumwaga jagi moja ni rahisi, angeweza kutafuta neno, akajifanya mkali, mambo yakaisha. Lakini majagi kumi na moja yako kwenye nyumba za watu. Na Atuganile alikwisha kuchota kijiko kidogo, anamwinamia mtoto.

Kalista alimshika mkono. "Jibu lako lilikuwa sahihi," alisema. "Lile la karatasi ya tatu. Mimi nilikudanganya."

Atuganile alimtazama bila kuelewa. "Kitabu kilikosea?"

"Kitabu hakikukosea. Nilikudanganya mimi. Chumvi hiyo itamuua."

Agnesi aliwatazama wote wawili, akamvuta mtoto kifuani. Atuganile alimwaga jagi nje. Wakampikia mtoto uji mwepesi wa ulezi wenye chumvi ya kuonja tu, wakamnywesha kijiko kimoja kimoja mpaka akakojoa. Agnesi aliambiwa asiondoke barazani.

Kisha wakaenda nyumba kwa nyumba. Vijiji vile vilipangwa kwa mistari, kwa hiyo kuzipata nyumba kumi na moja hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa mlangoni. Kila mlango Kalista alisema yeye mwenyewe: "Mlichofundishwa Jumatatu si sahihi. Kosa ni langu, si la huyu." Atuganile alisimama nyuma yake katika nyumba zote kumi na moja. Mama mmoja tu alikuwa amejaribu, na mtoto aliyatema maji yale. Kwa hilo tumshukuru Mungu, maana Kalista hakustahili bahati ile.

Waliporudi jua lilikuwa bado lipo. Atuganile alitoa karatasi zake kwenye mkoba, akaziweka mezani.

"Majibu uliyoniharibia ni mangapi?"

"Mengi."

"Sahihisha upya. Nikiwa hapa."

Kalista akakaa na kalamu ile ile nyekundu. Kila mkasi wa uongo alioufuta aliuona unatazamwa kutoka juu ya bega lake. Ya pili, themanini na tatu. Ya tatu, themanini na sita. Ya nne, themanini na nane. Ya tano alijumlisha mara mbili, akaandika tisini na moja. Hata katika saa ile ya aibu, namba ile ilimwuma.

Alingoja matusi. Matusi yangempa nafuu. Atuganile alikusanya karatasi zake, akazilinganisha pembe, akasema bila kumtazama, "Na mimi nina neno, dada. Maksi zako nazo si zenyewe."

Moyo wa Kalista uliruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, sisemi uongo. Kumbe naye! Kumbe huyu mwenye adabu zake ana kijicho ndani, naye amekuwa akiiba gizani! Basi wako sawa, wote ni wezi, hakuna wa kumcheka mwenzake. Na zile sitini na nane huenda ni themanini.

"Ulinipunguzia," alisema, karibu acheke.

"Nilikuongezea."

Kalista aligeuka amtazame.

"Ile ya kwanza ulipata arobaini na moja," Atuganile aliendelea, taratibu. "Nikawaza, nitamwandikiaje mkubwa wangu arobaini na moja kwa wino mwekundu? Kwetu mtu hafanyi hivyo. Nikaongeza kidogo usivunjike moyo. Ya pili ikabidi niongeze tena, maana ungeona umeshuka. Basi ikawa hivyo kila wiki."

"Na hii ya tano?"

"Dada, tuache."

"Sema."

"Thelathini na tisa."

Nje Agnesi alikuwa anambembeleza mtoto kwa Kifipa. Kalista aliisikiliza sauti ile.

"Ungeniacha niende hivyo kwenye mtihani?"

"Nilijua mimi nitafeli. Uliniambia wewe, kwa namba. Nikaona heri mmoja wetu aende na moyo."

Kupunguziwa maksi Kalista angelisamehe siku ile ile, maana angemtambua mwenzake kuwa ni mtu kama yeye. Hili hakujua pa kuliweka. Wiki tano alikuwa ameona wivu juu ya kichwa cha yule binti, na muda wote huo binti aliyekuwa akiibiwa alikuwa anamgawia mwizi. Na sasa, haki ya Mungu, alimwonea wivu kwa hilo pia, zaidi ya maksi, kwa sababu maksi mtu anaweza kukesha akazitafuta.

Alifunika kalamu. "Kitabu kiko kwangu," alisema. Maneno yalitoka kwa shida, na hata yalipokuwa yanatoka alitumaini Atuganile atakataa. "Zimebaki siku kumi na mbili. Pita kesho ukichukue."

Atuganile alitia karatasi mkobani.

"Nitapita leo," alisema.