Tutamkuta Tabora

Duka la Severine, Mtaa wa Sikukuu, lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Kabla ya vita rafu zile zilijaa minyororo ya baiskeli, pedali, mipira ya breki na taa za chemli. Sasa kulibaki makopo mawili ya gundi ya viraka, na vumbi. Ndiyo maana binti yake, Josepha, alipoanza kuandika majina ya miji kwa chaki kwenye mbao zake, hakuna aliyemkemea. Rafu ya karibu na barabara aliiandika BAGAMOYO. Iliyofuata, MPWAPWA. Kisha KILIMATINDE, kisha TABORA, na ya mwisho, jirani na mlango wa uani, UJIJI.

"Hii ndiyo njia ya misafara, Bibi," alimweleza bibi yake. "Wapagazi walitembea miezi na miezi, meno ya tembo mabegani. Sisi tutaenda kwa gari."

"Watu wenye akili zao wanaenda kwa treni," alisema Bibi Agnesi, na Candida, mama yake Josepha, akacheka nyuma ya kaunta.

Safari yenyewe ilikuwa ahadi ya zamani. Severine alipenda sana habari za kale, kiasi kwamba mteja akija kununua pedali aliweza kuondoka na historia ya Kariakoo nzima: kwamba jina hili lilitokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu, na kwamba babu yake mwenyewe alikamatwa Rombo akabebeshwa mizigo, asirudi. Alimwahidi binti yake kwamba akifika darasa la saba wataifuata njia ya wapagazi yote, kutoka baharini hadi ziwani. Kisha vita vya Kagera vikaja. Mdogo wake, Anselmi, alikuwa askari wa kambi ya Tabora, na kikosi chake kiliondoka mapema. Severine alifuata baadaye na mgambo.

Bibi Agnesi alishuka kutoka Rombo kuja kuzisubiri habari za wanawe wawili karibu na redio. Alisubiri hadi vita vikaisha, na asubuhi moja Severine akasimama mlangoni na mfuko wa turubai begani, mwembamba, macho yake yakiwa yametumbukia ndani. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili. Halafu akachungulia nyuma ya mgongo wake.

"Na mdogo wako?"

"Ametangulia, Mama."

Bibi Agnesi akapiga kigelegele kilichowafanya wabeba mizigo barabarani wageuke. Akapiga magoti palepale kizingitini, akamshukuru Bikira Maria, akainuka akacheza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, na kila neno kwake lilibeba mzigo mmoja tu. Ametangulia ni ametangulia. Na askari wa Tabora atangulie wapi kama si Tabora?

Candida alikuwa na miaka mingi mjini. Neno lile lilimgusa shingoni kama tone la maji baridi. Lakini mkwewe alikuwa ameshamshika mkono, wanacheza, na Severine hakuongeza neno jingine. Akaona afadhali acheze.

Tangu siku ile safari ikawa ya Bibi. Wangemchukua Anselmi Tabora, aombe likizo, wote pamoja waende hadi Ujiji. Kwenye rafu ya TABORA akaanza kuweka vitu: soksi alizozifuma mwenyewe, mafuta ya mgando, sabuni aliyoipangia foleni asubuhi nzima, na fulana ya bluu. Kila akiweka kitu alikuwa akisema, "Tutamkuta Tabora amekonda, mtaona."

Severine alikuwa akipanga safari kwa namna yake. Candida alipomuuliza njiani watalala wapi, alisema, "Popote, ila pasiwe na mti mkubwa. Mti mkubwa wanaupiga kwanza."

"Nani ataupiga, Baba Josepha? Nyani?"

Alidhani ni utani, akacheka. Severine hakucheka.

Jioni moja alikaa kwenye gunia tupu akimtazama Josepha anavyoongeza mito na vilima kwa chaki. Akamuuliza kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kujua, "Josepha, wale wapagazi waliokufia njiani, mwalimu wenu amesema walizikwa na nani?"

"Hawakuzikwa, Baba. Waliachwa tu kando ya njia. Msafara haukuwa na nafasi ya kusimama. Mwalimu anasema fisi walikuwa wananenepa."

Severine akainuka, akatoka nje, akasimama barabarani mpaka mkokoteni wa viazi ukampigia kelele apishe.

Gari lilikuwa la Devendra, mwana wa marehemu mzee Tulsidas. Alizaliwa mtaa huohuo na akakulia humohumo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar kuliko cha Wachaga wote wa mtaa ule ukiwaweka pamoja. Peugeot yake ilikuwa kuukuu, lakini alisema ni heri ikafie Ujiji kuliko kufia uani kwa kukosa petroli. Petroli yenyewe walikuwa wanaidunduliza kidogokidogo. Ijumaa asubuhi alilileta mbele ya duka, akalifungua boneti, yeye na Severine wakainama ndani.

"Shemeji!" alimwita Candida. "Gari hii ilishafika Mpwapwa kabla mumeo hajaota ndevu. Mkumbushe tu Jumapili baada ya saa nane asiendeshe, ile marufuku ya kubana petroli bado ipo, polisi watawalaza Chalinze na bibi kizee wenu."

"Mwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

"Basi lete chai. Chai anaisikia."

Candida akaingia ndani, akamimina chai, akarudi na sinia. Boneti lilikuwa limemkinga wasimwone. Alimsikia Devendra akiuliza, "Na mdogo wako vipi? Mama anautangazia mtaa mnamfuata Tabora."

Spana iligonga chuma mara moja.

"Anselmi ametangulia," Severine alisema.

Devendra hakupiga kigelegele. Candida aliona mkono wake ukiiacha spana, ukatafuta kitambaa, ukaanza kujifuta mafuta taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kuingia nyumba ya ibada.

"Lini, bwana?"

"Mwezi wa tatu. Kule kwenye barabara ya kinamasi."

"Pole sana, ndugu yangu. Pole sana."

"Asante."

Ni ile asante iliyomvunja Candida. Mtu aliye hai hapokelewi pole. Aliliweka sinia juu ya bati la gari, chai ikamwagika, akaingia ndani bila kusema kitu. Severine akamfuata hadi stoo.

"Devendra umempa neno ulilomnyima mama yako," Candida alisema. Alikuwa ananong'ona, kwa sababu Bibi alikuwa uani.

"Sikumnyima. Nilimwambia siku ya kwanza, tena mlangoni. Nilisema ametangulia. Akapiga kigelegele, Candida. Wewe ungemkatizaje?"

"Siku ya pili je? Ya tatu?"

Severine akajifuta mafuta ya gari kwenye suruali.

"Kwa hiyo ungetupeleka? Ungempakia yule mama garini na soksi zake, mpaka getini pa kambi, mlinzi ndiye amwambie?"

"Nilifikiri njiani nitapata mahali pa kusema. Njia ni ndefu." Alielekeza kidevu dukani. "Kila rafu niliyoitazama nilisema, hapa. Nitasema Mpwapwa. Halafu nikasema, hapana, Kilimatinde. Nikiitazama ya Tabora moyo unasimama."

Candida alitamani kumpiga na kumkumbatia, na hakufanya hata kimoja. Akamuuliza, "Jeshini hawakumtuma mtu aje kumwambia Mama?"

"Niliwakatalia. Nilimwambia kamanda, mama ni wangu, nitamwambia mwenyewe."

"Mlimzika?"

Aliitazama mikono yake. "Sisi mgambo tulikuwa tumeunganishwa na kikosi chake. Nilimfunika kwa mafunjo. Tuliamriwa mbele. Niliwaambia nitarudi nimchukue, wakasema sawa, utarudi. Tulikuwa tumepanga mstari, kila mtu na mzigo wake kichwani, maji hadi magotini. Ukisimama wewe, wamesimama wote nyuma yako." Akavigeuza viganja juu. "Sikurudi. Na hata nikirudi leo, kinamasi chote kinafanana."

Candida alisikia uani ungo unapepeta mchele, juu, chini, juu. Alijua kwamba akiingia yeye na kusema, jambo litakuwa limesemwa, lakini Severine atabaki kule kwenye maji maisha yake yote.

"Nenda sasa hivi," alisema. "Na umwambie kwa Kichaga. Usimpe tena Kiswahili."

Bibi Agnesi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alipomwona mwanawe alianza yeye. "Severine, nimefikiri. Anselmi akae mbele na wewe. Ana miguu mirefu, nyuma ataumia."

Severine alichuchumaa mbele yake kama wanavyochuchumaa watoto wa kule wakitumwa. Akasema. Candida ni mtu wa Kibosho, na Kichaga cha Rombo huwa kinampita nusu, lakini siku ile hakuhitaji hiyo nusu nyingine. Kwa Kichaga neno lilitoka likiwa uchi, halikuwa na tafsiri ya pili ya kujificha ndani yake.

Ungo ulisimama. Mchele haukumwagika. Bibi Agnesi aliuweka chini kwa uangalifu mkubwa, akauliza jambo moja, Severine akajibu. Akauliza la pili, akajibu. Kisha akageukia Kiswahili, na Candida akajua ni kwa ajili yake, ili naye awe shahidi.

"Mama Josepha, ulinisikia siku ile."

"Nilikusikia, Mama."

"Nilipiga kigelegele. Mwanangu amelala majini bila mtu, mimi nacheza mlangoni. Mtaa mzima umenisikia." Akamwangalia Severine, ambaye alikuwa bado amechuchumaa. "Na wewe ulisimama ukanitazama nikicheza."

"Mama, nilishindwa..."

"Ulinitazama."

Hakulia. Candida alisubiri alie, ili ampokee, lakini kilio hakikuja, na hilo lilimtisha zaidi. Bibi aliinuka, akaenda kwenye chumba chake, wakamsikia anafunga kitenge chake cha safari.

"Sitaki gari la Devendra," alisema alipotoka. "Nitapanda basi na Mama Josepha. Naenda Rombo nikawaambie wazee wa ukoo, wajue wamepungukiwa na mtu. Kihamba, ardhi ya babu zake, kitalia bila maiti, basi kilie." Severine alijaribu kuupokea mzigo. Akauvuta kwake. "Wewe baki hapa. Nitakapoweza kukuona, nitakuita."

Alitaka aondoke siku hiyohiyo. Candida akakusanya nguo zake, akamwachia jirani Sarla, mke wa Devendra, maagizo ya chakula, na alipokuwa anapita dukani na mkwewe, Josepha akaingia kutoka shule na daftari zake. Aliuona mzigo, akauona uso wa bibi yake, akauona uso wa baba yake.

"Kwani mnaondoka bila sisi? Baba, si tulisema tunaenda wote?" Akashusha sauti. "Baba mdogo yuko wapi?"

Bibi Agnesi alisimama. Candida alikuwa na jibu mdomoni, jibu laini, la kumfaa mtoto. Akalimeza.

Severine aliinama hadi macho yake yakawa sawa na ya binti yake. Midomo yake ilianza kutengeneza neno lingine, ikasita, ikajaribu tena.

"Amekufa, Josepha," alisema. "Baba yako mdogo amekufa, na mimi ndiye niliyemwacha."

Mtoto akaanza kulia kwa sauti. Bibi Agnesi alisubiri kidogo kizingitini, mgongo wake kwao, kana kwamba atageuka. Kisha akaingia barabarani kati ya mikokoteni, na Candida akamfuata.