Amri ya Kuachia

Nchi ya Vinandani ilikuwa na kata kumi na sita, na sauti za kata zote zilikuwa mali ya mtu mmoja. Juu ya kilima kilichonyolewa miti yote ili isije ikamziba mwenyewe asiione nchi yake, lilisimama kasri la Mtukufu Vidole, na ndani ya kasri kinanda kirefu kisichotoa sauti hata kidogo. Mtukufu alipobonyeza, kilichotoka ni amri. Amri iliingia kwenye waya wa shaba, ikapita kata ya kwanza, ikaenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya kumi na sita, imebeba namba mgongoni. Kila kata ilikuwa na mtu wake mmoja, akiitwa Koo, mwenye pete ya shaba shingoni, naye alishikwa na amri yenye namba yake tu, nyingine zikampita. Amri zenyewe zilikuwa mbili: shika, na achia. Ikija shika, koo lilitoa sauti, utake usitake. Ikija achia, lilinyamaza, mtu akavuta pumzi. Mtukufu naye alivaa pete shingoni, ya dhahabu, namba yake sifuri, ya kujishaua tu, maana haikuwahi kufungwa waya. "Hata mimi ni Koo kama ninyi," alipenda kusema siku za sikukuu, na watu wakapiga makofi. Wangefanyaje?

Kama wakubwa wengi, hakupenda kufanya kazi mara mbili, ndiyo maana kukawa na Sanduku. Alichopiga mara moja, Sanduku lilikihifadhi, si sauti bali amri zake, likazirudia kutwa nzima yeye akila zabibu. Aliyejua kulifungua ni Bi Sikitu peke yake, mjane mwembamba mwenye maneno machache. Alizipanga amri kwa mistari, mstari mmoja kwa kata moja, na kila mstari akaupa namba yake. Mstari wa kumi na sita aliupanga polepole kuliko yote, kwa kuwa Koo wa kata ya mwisho alikuwa Mwatime, mwanawe wa pekee. Humo alizisogeza achia zije mapema kidogo, unywele tu, mtoto apate kupumua.

Lakini waya ulikuwa mmoja na amri nyingi. Zilisongamana njiani, na za kata ya mwisho zikafika zimechelewa, wimbo wa sifa ukawa na mkia. Mtukufu aliusikia huo mkia. Akasema huyo wa mwisho anamdhihaki, akichelewa tena anyweshwe chokaa.

Bi Sikitu alikwenda kwa Waziri Ndiyobwana mbio, kanga inamdondoka.

"Mheshimiwa, mtoto hana kosa. Nipe nyaya kumi na sita, kila kata na wake kutoka Sandukuni, hatachelewa mtu."

"Shaba iko wapi, Bi Sikitu?"

"Si tulitoa mwaka juzi? Kila nyumba na sufuria yake, mimi na la pilau nikalitoa!"

Waziri akatazama dari. Nyuma yake kiti kipya cha Mtukufu kiling'aa wekundu, shaba tupu toka mgongo hadi miguu, na wote wawili walikiona.

"Basi punguza mzigo," Waziri akasema. "Nusu ya amri zako ni achia. Za nini? Mtu akichoka si atanyamaza mwenyewe?"

"Pete haimruhusu."

"Umewahi kujaribu?"

Hakuwahi. Hakuna aliyewahi.

"Ama hivyo, ama chokaa. Sikukuu ni kesho kutwa, mama."

Akazitoa. Msimlaumu haraka, mwenye mtoto ndiye ajuaye uchungu wake. Alifikiri sana: wimbo ni beti mbili fupi, mapafu ya Mwatime ni mazima, na mwishoni kabisa mwa kila mstari akabakiza achia moja. Atafika, alijiambia. Ataishiwa pumzi kidogo, lakini atafika.

Siku ya sikukuu sauti kumi na sita ziliingia pamoja, na mkia haukuwepo. Mtukufu alisisimka mpaka machozi. Wimbo ulipokaribia kwisha, kabla haujagusa zile achia, aliinua kidole.

"Rudia!"

Mlinzi akavuta kitasa cha kurudia, Sanduku likarudi mwanzo. Bi Sikitu alikirukia kitasa kile, Waziri akamkamata mkono. "Umerogwa? Huoni anavyofurahi?"

"Mwanangu, mheshimiwa! Mwanangu!"

"Rudia!"

Mara saba. Makoo ya kata nyingine yalianguka yamezimia, yakaokotwa. Sauti ya kumi na sita ilikonda, ikawa uzi, kisha haikuwepo. Siku ile Mwatime hakuchelewa.

Mama mtu alimvua pete kwa mkono wake, akaitia kwenye pindo la kanga. Alilia mpaka akaishiwa, na arobaini ilipokwisha akarudi kazini, kwa sababu Mtukufu alitaka wimbo uleule, vilevile, kwa sikukuu nyingine. Alifungua kifuniko, akaichukua mistari yote kumi na sita, akaiandika namba sifuri. Kisha akaufungua waya wa kata, akaufunga kwenye mguu wa kiti cha shaba.

Sikukuu ilipofika Mtukufu alikaa, akaegemea, pete yake ikagusa mgongo wa kiti. Sanduku likaanza. Kata zote zilikuwa kimya. Sauti iliyosikika ilikuwa moja, nene, ya mtu aliyeshiba, nayo haikukatika. Walinzi walijaribu kumvuta. Aliyemgusa akapiga ukelele naye, wakaacha.

Waziri alipiga magoti. "Mwachie, Bi Sikitu! Mwachie!"

"Nitamwachiaje? Achia hazimo. Tulizitoa kupunguza mzigo."

"Ile ya mwisho! Ulibakiza ya mwisho!"

Kweli, aliibakiza, na wimbo ulikuwa unaikaribia. Bi Sikitu aliweka mkono juu ya kitasa cha kurudia. Mtukufu alimtazama, macho yamemtoka, na ilionekana anataka kuomba, yeye asiyewahi kuomba kitu, ila sauti ile haikumwachia nafasi ya neno. Ukumbi mzima ulingoja. Kwa mkono wa pili Bi Sikitu alipapasa pindo la kanga, akaikuta pete, ndogo, bado ina ukubwa wa shingo ya mtoto wake.