Koroma Badala ya Dafu

Kwa miezi kadhaa Ummulkheir alimchekea Lornah kwa meno yake yote, na hakuna aliyejua ni mara ngapi meno hayo yalikwisha kumng'ata Lornah moyoni.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye simu. Alikuwa mjini, katika ile ofisi ya bima ambako yeye na Lornah walifanya kazi meza moja kabla Lornah hajaacha ajira akawe mtu wa vyakula vibichi. Alikuwa akila chakula cha mchana huku akitazama video, mara huyo Lornah, aproni nyeupe, dafu mkononi, anasimulia. Alipokuwa mdogo, alisema, aliugua koo hata mate hayamezeki. Bibi yake wa huko kwao Kakamega, Kukhu kama Waluhya wanavyomwita bibi, akamkombea nyama laini ya dafu, akaiponda kwa tende zilizolowekwa na iliki kidogo, akamlisha kijiko baada ya kijiko huku akimwimbia. Leo anauza krimu ileile kwenye vichupa, haijaguswa na moto. Krimu ya Kukhu.

Kakamega na mnazi wapi na wapi! Lakini nani ana muda wa kuuliza? Watu walikuwa wakimmwagia mioyo myekundu chini ya video.

Aliyeugua koo ni mamake Ummulkheir. Saratani. Mwezi wake wa mwisho aliulalia chumba cha nyuma, katika nyumba yao ya Woodley, na kitu pekee kilichopita kooni kilikuwa dafu. Ummulkheir ndiye aliyekwenda kuyachagua, akitikisa moja moja sikioni, maana dafu la kweli limejaa, halichezi maji. Ndiye aliyekomba ile nyama nyororo kama utando wa maziwa, akaisaga kwa maji yake yenyewe, akaichuja, akairudia kuichuja. Ndiye aliyeimba. Lornah alikuwa akija Jumapili akitoka kanisani, anaketi kando ya kitanda, anashika bakuli, siku nyingine anashika na kijiko. Ummulkheir alimpenda kwa hilo, tena sana, na ndiyo maana aliumia hivyo.

Krimu angemwachia. Lornah angeomba, angepewa na baraka juu. Lakini kumchukua mama wa mtu, kaburi bado bichi, ukambadilisha kabila, ukamtia kwenye chupa ukamuuza! Hilo Ummulkheir hakuwa na pa kuliweka. Alisubiri zamu yake, na zamu ikapiga simu yenyewe.

"Ummul wangu, niaje!" Lornah alikuwa na furaha ya kuruka. "Saturday niko na kitu kubwa Spring Valley. Kuna mama anaitwa Hannah, ako na restaurant kadhaa za watu wa healthy. Anataka kuonja krimu kabla aiweke kwa menu. Nitaitengeneza live, mbele yake na marafiki zake. Lazima ukuje, wewe ni family."

"Nitakuja, mpenzi."

"Na usaidie mtu wako. Yule cousin yako wa madafu, si naweza tu kumtumia order kwa simu?"

Ummulkheir alifumba macho kwa raha. Mtu wa Pwani haagizi dafu kwa simu, kama vile hamtumi jirani dukani akamjaribie viatu. Unakwenda mwenyewe, unalishika, unalitikisa, unagombana kidogo na muuzaji, ndipo unalichukua.

"Mtumie tu," alisema. "Mwambie mimi nakufahamu."

Jioni ileile alitoka ofisini akapita moja kwa moja kibandani kwa Taib, mtoto wa mjombake, aliyekuwa akichonga madafu pembeni mwa soko.

"Lornah amekuagiza madafu?"

"Ameagiza. Ataka yale laini laini."

"Mpelekee makoroma."

Panga la Taib likabaki hewani. Alimtazama dadake kuona kama anafanya mzaha, akaona hapana. Nazi iliyokomaa ina kazi yake: unaikuna, unakamua tui, chicha unaianika, ukiichanganya na tende unapata vitafunio safi visivyoona jiko. Dafu nalo lina kazi yake, hilo la krimu. Koroma ndilo lisilo na kwao. Limepita udafu na unazi halijaufikia. Nyama imeshakuwa ngumu kusagika ikalainika, na mafuta bado hayajatosha kutoa tui la maana. Ukilimenya kumbi likabaki jeupe, jicho halilijui mpaka mkono ulitikise.

"Da Ummu, huyu ataaibika mbele za watu."

"Ndiyo maana yake."

"Na mimi je? Kesho nani atanunua kwangu?"

"Huyo mwanamke amemuuza shangazi yako kwenye chupa, Taib."

Taib alitema mate pembeni, akalirudisha panga kazini. "Nitamwambia vijana walichanganya," alisema, na hakuuliza tena.

Jumamosi Ummulkheir alivaa kama anayekwenda harusini: buibui jipya, wanja, udi kwenye nguo. Jiko la Hannah lilikuwa kubwa kuliko nyumba nzima ya Woodley, na wageni walikuwa wameketi kwenye stuli ndefu kuzunguka meza ya mawe. Ummulkheir alichagua ya mbele. Lornah alimkumbatia kwa nguvu, na Ummulkheir akamkumbatia pia, akimpapasa mgongo.

Kisha Lornah akaanza. Alisimulia habari za Kukhu, sauti ikimdondoka pale pale ilipodondoka kwenye video. Akachukua la kwanza, hakulitikisa, akalipasua. Alipotia kijiko akombe, kijiko kiligota. Nyama ilikuwa nene, nyeupe pe, imeshikilia kifuu. Mkono wake ukasimama, akamtazama Ummulkheir kama mtu aliyesahau jibu darasani. Ummulkheir akamtabasamia.

Afanyeje? Macho yote yako kwake. Aliibandua kwa kisu, akaitia kwenye blenda na tende na iliki. Blenda ililia, ikanguruma, ikalia tena. Akaongeza maji. Kilichomiminika kwenye vikombe kilikuwa kizito, kimekatika, chenga tupu. Raha ilimpanda Ummulkheir kutoka vidole vya miguu. Usiku wote alioukesha kwa uchungu ulikuwa unalipwa, na alitaka kila mmoja atafune polepole.

Hannah alichota. Akatafuna. Akatafuna tena, uso haujulikani uelekeo.

"Wow," alisema. "Hii iko na texture! Unasikia kabisa ni kitu ya ushago."

"So authentic," akadakia mwingine, akiongeza kijiko.

Ummulkheir aliwatazama mmoja mmoja akidhani wanamkejeli Lornah. Hawakuwa wakimkejeli, walikuwa wakikwangua vikombe. Na Lornah, pumzi zilipomrudia, mdomo ukakimbia mbele ya akili.

"Eeh, hivyo ndivyo Kukhu alikuwa anapenda," alisema, akijifuta jasho. "Alikuwa anasema chakula bila kutafuna si chakula. Hata vile nilikuwa mgonjwa, alinifanya nitafune."

Ummulkheir alijikuta amesimama. Alikuja kuona aibu ya mwingine, na sasa mamake, aliyekuwa akilia machozi akimeza maji, amegeuzwa bibi wa kuwalazimisha wagonjwa kutafuna. Na chenga hizo ametia yeye Ummulkheir kwa mkono wake. Hilo lilimchoma kuliko video.

"Hayo si madafu," alisema. "Ni makoroma. Mimi ndiye niliyesema uletewe, kusudi, nikuaibishe."

Vijiko vikatulia.

"Ummul, please," Lornah alinong'ona. "Tuongee baadaye."

"Tuongee sasa. Mgonjwa wa koo hakuwa wewe, alikuwa mama yangu. Chenga moja ya uchafu huu ingemkaba akafa mbele yangu. Nilimsagia laini, nikachuja, nikamlisha nikimwimbia. Waambie ulikuwa wapi."

"Sielewi," Hannah alisema. "Kwani Kukhu ni nani?"

Lornah alikuwa ameanza kulia. "Ni mamake. Ni ukweli. Lakini mimi pia nilikuwa hapo! Nilimlisha pia, na nilimpenda, Ummul, unajua nilimpenda. Nilitaka tu watu wamjue."

"Wamjue," Ummulkheir alirudia. "Vizuri. Waambie basi anaitwa nani."

Lornah hakulijua jina. Pale Woodley mama yule alikuwa Bi Mkubwa. Wanawe walimwita hivyo, majirani hivyo, hata nesi aliyekuja kumdunga sindano. Mtu mzima kama yule haitwi kwa jina lake, na Lornah naye amelelewa vizuri huko kwao, hakuthubutu. Jumapili zote zile, mikono yote ile aliyoishika, hakuwahi kuuliza.

"Bi Mkubwa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Hilo si jina. Kila nyumba ya Pwani ina Bi Mkubwa wake."

Lornah aliketi sakafuni. Hannah, ambaye kusema kweli hakuwa mtu mbaya, alisogea akamshika Ummulkheir mkono. "Pole sana, mama. Basi tuambie wewe. Alikuwa anaitwa nani? Tunaweza kuandika kwa chupa, jina lake lote, na story iwe yenu." Wageni wakatikisa vichwa kuunga mkono.

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ummulkheir alilitamani kama mtu wa saumu anavyotamani maji. Kisha akamtazama Lornah. Alikuwa ameinua uso uliolowa, amekaza macho kwenye midomo ya Ummulkheir, na haikuwa kwa ajili ya chupa wala ya Hannah. Alitaka kujua. Alilitaka jina hilo kuliko wote mle ndani. Ndipo Ummulkheir alipojua kwamba makoroma yalikuwa mchezo wa watoto mbele ya jina hilo.

"Hapana," alisema, akachukua mkoba wake.

Lornah alimfuata hadi getini, aproni bado shingoni. Hakuomba msamaha, aliomba jina. "Niambie tu mimi, Ummul. Sitaliandika popote. Nataka nimwombee na jina lake."

"Mwombee Kukhu," Ummulkheir alimjibu, akapanda boda, akasema Woodley.

Alipogeuka, Lornah alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Ndani ya kofia aliyovishwa na mwenye boda Ummulkheir alilitamka jina la mamake mara moja, polepole, hata mwenye boda asisikie. Alilia njia nzima, na hakujuta.