Maji Yaliyopanga Foleni Langoni

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, Chuo alikuwa amesimama maabara mbele ya glasi sita za maji ya mtoni, akitia shabu kwa bomba la sindano: kidogo kwenye ya kwanza, zaidi kidogo kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Kazi yenyewe si ngumu. Unatia shabu, unakoroga kwa kasi, unakoroga polepole, halafu unangoja dakika thelathini uone ni glasi ipi tope lake limezama vizuri. Hapo kwenye kungoja ndipo alipokuwa anashindwa. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga, akahesabu vigae vya ukutani, akarudi kuchungulia glasi zikiwa bado na dakika ishirini na mbili.

Chuo si jina lake. Ndivyo wafanyakazi wa mtambo wa maji walivyomwita kila mwanafunzi aliyeletwa kwao kwa mafunzo ya vitendo, na kabla yake walishapita akina Chuo kumi na wanne. Huyu alikuwa mwaka wa nne, uhandisi wa maji safi na majitaka. Kilichobaki kati yake na kuhitimu ni wiki tatu pale mtamboni na sahihi ya Msimamizi kwenye kitabu chake cha mafunzo. Bila sahihi ile anarudia mwaka mzima. Alikuwa akiiwaza akila, akiiwaza akioga.

Simu ya ukutani ililia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Chuo, hebu shuka. Kuna wageni."

"Wageni wangu?"

"Sijui ni wa nani. Ni maji."

Alishuka, na kweli yalikuwa maji. Yalikuwa yamepanga foleni nje ya geti, kila moja likiwa na umbo la chombo lilimotoka: ndoo tatu, sufuria mbili, beseni, na birika lenye mdomo uliopondeka. Vyombo vyenyewe havikuwepo, ni maji matupu yamesimama. Yalikuwa yamepanda kilima kwa kufuata mtaro, na lami nyuma yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye kona. Hayakufanya fujo. Mlinzi, ambaye aliwahi kulinda ofisi ya ardhi na ameona mengi, alikuwa ameshayaandika kwenye daftari la wageni. Jina: Maji. Anakotoka: mtaa wa chini. Anayekuja kumwona: hajasema. Muda wa kuingia aliujaza, wa kutoka akauacha wazi.

"Nimeyaambia ofisi inafunguliwa saa mbili," alisema. "Yana adabu, tatizo sioni."

Chuo aliliangalia birika lile, akalisogelea. Analijua. Alizaliwa mtaa wa chini, akalelewa mtaa wa chini, na birika lile lilipondeka siku alipoliangusha yeye mwenyewe akiwa darasa la tatu. Yale yalikuwa maji ya chai ya mama yake.

Aliyemweleza mambo ni Mama Klorini, mwendesha mtambo wa siku nyingi, ambaye alikuwa akinusa tu klorini na kukutajia kiwango chake. Mama Klorini alishuka na kikombe chake cha chai, akayazunguka maji mara moja, akaguna.

"Haya hayajapita kwenye mchanga," alisema. "Na yameshajua."

Mtambo ulijengwa ukiwa na machujio manne ya mchanga. Mawili yaliishiwa mchanga miaka tisa iliyopita. Barua ya kuomba mwingine iliandikwa, na ikajibiwa kwamba imepokelewa. Mawili yaliyobaki yakatosha mtaa wa juu tu. Kwa mtaa wa chini ilifunguliwa koki moja nyuma ya tangi kubwa, njia ya mkato: maji yanatoka mtoni, yanarushiwa klorini kidogo, yanakwenda zake na tope lake. Ilikuwa iwe kwa wiki mbili.

"Lakini mbona vipimo ni vizuri?" Chuo aliuliza. "Mtaa wa chini upo kwenye daftari, kila wiki, na mimi mwenyewe nimeandika wiki jana!"

"Ulichota wapi?"

"Ulikoniambia. Kwenye bomba la maua."

"Ehee. Ndio mtaa wa chini huo." Mama Klorini alionyesha kwa kikombe. "Pikipiki ya kuzungukia mitaani ilikufa injini, tukakubaliana bomba la maua liwe mtaa wa chini. La jikoni mtaa wa juu. La chooni hospitali."

Aliyasema bila hila yoyote. Miaka imepita na yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini. Hata alipokwenda kumwagilia maua alikuwa akiaga kabisa, jamani napitia mtaa wa chini mara moja. Chuo alikuwa amedhani ni utani wa kazini na wiki jana alicheka pamoja nao. Sasa alijiona mjinga wa mwisho.

Kufikia Jumatano foleni ilifika njia panda. Kulikuwa na maji ya madumu, ya vikombe, ya chupa za watoto zenye chuchu, na pipa zima la mwenye mgahawa ambalo lilichukua nafasi ya watu wanne na kununiwa na sufuria zote za nyuma yake. Msimamizi wa mtambo alitoka kuja kuyaona. Alikuwa mwanamume mpole, shati limenyooka, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Aliona jua linayachukua yale ya mbele kabla hayajahudumiwa, akaagiza turubai lifungwe. Akaagiza pia namba za foleni. Mlinzi alizigawa kwa kuziweka juu ya maji, nazo zikaelea.

Chuo hakuweza kuvumilia. Alitafuta bomba nene la plastiki, akalisimamisha maabara, akalijaza kokoto chini na mchanga safi juu kama walivyofundishwa mwaka wa pili, kisha akaanza kuyaita ndani matatu matatu. Maji yaliingia, yakashuka kwenye mchanga bila haraka, yakatoka chini meupe. Yakishatoka yalisimama kidogo mlangoni, halafu yakateremka barabara kurudi nyumbani. Birika la mama yake lilikuwa namba saba na hakulivusha mbele ya mengine, ingawa mkono ulimwasha. Kwa siku nzima, bila kula, aliweza kuhudumia vyombo thelathini na viwili. Mtaa wa chini una nyumba elfu sita.

Alhamisi mama yake alimpigia simu.

"Mwanangu, maji ya siku hizi yana nini? Nikiyaweka jikoni yanatoka kabla hayajachemka. Nimelaza jiwe juu ya mfuniko."

"Endelea kuweka jiwe, mama."

"Naweka. Mtoto wa jirani bado yuko kliniki, tumbo lile lile, amebaki macho tu. Wenzangu wananiambia mwanao si ndiye anasomea maji, muulize. Nikawaambia mwacheni mtoto asome."

Chuo alipokata simu alizunguka tangi la kwanza, la pili na la tatu, kiguu na njia, mpaka mafundi wakamuuliza kama amepoteza kitu. Mwisho alipiga moyo konde akaenda kugonga mlango wa Msimamizi.

"Mzee, naomba ile koki ya nyuma ifungwe."

"Kaa kwanza, binti." Hakukaa. "Nikiifunga, mtaa wa chini hawapati hata tone. Ndivyo unavyotaka?"

"Hapana."

"Mchanga wa kujaza machujio unao?"

"Sina, mzee."

"Mimi pia sina."

"Basi tuwaambie wachemshe. Tangazo tu. Watu wajue."

Msimamizi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Tukiwaambia wachemshe watauliza tangu lini," alisema. "Nitawajibu nini?"

Chuo alisimama akikunja na kukunjua mkono wa koti la maabara. Msimamizi alivuta droo, akatoa karatasi iliyokuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba maji ya mtaa wa chini yamepimwa na yanafaa kunywewa, na kwamba wananchi wanaombwa kufunika vyombo vyao ili maji yasitoke majumbani na kusumbua barabara. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya aliyepima.

"Yangu hawaiamini tena," alisema Msimamizi. "Wewe ni mtoto wao."

"Mzee, maji yale hayafai."

"Wiki jana ulipima mtaa wa chini?"

"Nilipima."

"Yalikuwaje?"

Daftari lilikuwa pale mezani na mwandiko ulikuwa wake. "Mazuri," alisema Chuo.

"Basi mimi sikuombi uongo. Nakuomba uandike ulichokiona." Akakichukua kitabu cha mafunzo cha Chuo, akakifungua kwenye ukurasa wa mwisho, akakilaza kando ya tangazo. Kalamu ilikuwa moja. "Sikulazimishi, binti. Fikiria."

Alifikiria. Aliuona mwaka mzima wa kurudia, akamwona mama yake aliyekuwa ameshawaambia majirani tarehe ya mahafali. Akajiambia kwamba yeye mwenyewe atamnong'oneza mama, pembeni, aendelee kuchemsha, na kwa jirani mwenye mtoto atapita pia. Akajiambia kwamba akishakuwa mhandisi kamili atairudia ile barua ya mchanga. Alisaini huku akiona aibu mpaka masikio yakawaka. Msimamizi naye akasaini kitabu, akampa mkono, akamwambia ana kipaji.

Ijumaa mhadhiri wake alikuja kumkagua. Alipita kando ya foleni, akayahesabu maji kwa macho, akauliza namba zinazoelea ni wazo la nani. Alilikuta lile bomba la mchanga, akaliinamia muda mrefu, akasema mchanga umepangwa vizuri ila chini kokoto ni kubwa mno. Kwenye fomu aliandika kwamba mwanafunzi ameonyesha ubunifu katika kuhudumia wateja. Alimpa themanini na tisa.

Jumamosi Chuo alishuka mtaa wa chini kwa miguu, akipishana na maji yanayopanda. Yalikuwa machache kuliko juzi. Njia nzima alikuwa akipanga atakavyoanza: mama, njoo mara moja uani. Alitembea haraka, akasimama, akarudi hatua mbili, akaenda tena.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kila nguzo. Mlangoni kwao lilikuwepo pia, na mtu alikuwa ameizungushia sahihi duara kwa wino mwekundu. Ndani kulikuwa kumejaa. Mama yake alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, na wanawake watano wa jirani walikuwa wamekaa wanamngoja, akiwemo mama wa yule mtoto, aliyekuwa amempakata mwanawe aliyeruhusiwa kutoka kliniki asubuhi ile. Mtoto alikuwa mwepesi, shingo inayumba.

"Huyo, huyo!" walipiga vigelegele. "Injinia wetu huyo!"

"Mama, njoo mara moja uani."

"Uani kuna nini? Kaa na watu kwanza!" Mama yake alikuwa ameshika jagi na glasi. Jiko lilikuwa limesimamishwa kwenye kona, limeoshwa, halina jivu hata chembe. "Tangu juzi hatuchemshi. Mkaa ulikuwa unatumaliza, mwanangu. Miaka yote hii!"

Chuo alimsogelea sikioni. "Mama, chemsha tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Endelea kuchemsha."

Mama yake alirudi nyuma akamtazama, kisha akacheka, akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Eti nichemshe! Nichemshe maji aliyoyasaini mwanangu, watu watanionaje? Si watasema hata mamake hamwamini?"

Wanawake walicheka wakapiga makofi. Mmoja alisema hiyo ndiyo heshima, wasomi wengine wangeshaanza kujisifu. Mama akamimina. Maji yaliingia kwenye glasi, yakatulia kidogo, kisha yakaanza kupanda ukingo upande wa mlango, kuelekea kilimani. Mama aliyafunika kwa kiganja bila hata kuyaangalia. Wote walikuwa wameshazoea. Mama wa mtoto alifanya hivyo hivyo na kikombe cha plastiki, akakipeleka kwenye midomo ya mwanawe, na mtoto akanywa kwa kiu, vidole vyake vidogo vimeshika mkono wa mama.

"Na wewe," mama alisema, akimpa Chuo glasi iliyojaa. "Umetembea jua lote hili."

Walimtazama wote. Chuo alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, kwa mpangilio, na yangetosha dakika moja. Glasi ilikuwa ikimvuta mkono kuelekea mlangoni. Akaifunika kwa kiganja, akasubiri yatulie, akanywa mpaka mwisho. Yalikuwa na ladha ya udongo wa mtoni.

"Matamu, eeh?" mama yake aliuliza.

"Matamu," alisema Chuo, na mama akamjazia tena.