Tundu la Kupumulia

Katika chumba cha kujazia sabuni ya maji, kila dumu lilitobolewa mara mbili kwa msumari: tundu moja la sabuni kutokea, jingine la kupumulia. Dumu lenye tundu moja hutoa matone mawili matatu, kisha hununa. Asubuhi hiyo Shangazi, aliyewazidi wenzake umri, aliomba dua fupi, wakaanza kazi.

Msimamizi, waliyemwita Komeo, aliingia na kufuli jipya. Chupa zilikuwa zinapotea, alisema, hivyo mlango utafungwa kwa nje mpaka jioni.

"Na mtoto wangu?" aliuliza Mzazi. Walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa ametoka kujifungua juzijuzi, na kila mchana mama yake humletea mtoto mlangoni anyonye.

"Atanyonya jioni."

"Mtoto hajui jioni, kaka."

"Atazoea."

"Wewe chai ikichelewa kidogo tu unavimba mashavu," alisema Shangazi.

Wote walicheka, hata Komeo. Kisha akatoka, akafunga.

Kufuli lilipobana, sabuni iliacha kutoka. Haikuwa imeganda, na matundu yalikuwa wazi. Shangazi aliinamisha birika. Chai ilibaki ndani. Alipindua glasi ya maji juu chini, maji yakatulia humo yakimtazama.

"Leo tutakunywa kwa macho," alisema.

Mzazi, ambaye matiti yalikuwa yameanza kumuuma, alijaribu kujikamulia kikombeni. Halikutoka hata tone. Alifunga vifungo vya blauzi, akakaa.

Mchana Komeo alifungua mlango kuchukua chupa alizodhani zimejaa. Mara sabuni ikatiririka, chai ikamwagika mezani, na glasi ikamlowesha Shangazi mapajani. Komeo alifunga; vyote vikasimama. Alifungua, vikaendelea. Alikuwa akisoma masomo ya jioni, na wiki hiyo darasani walikuwa wamefika kwenye somo la hewa, kwa hiyo alifurahi kama mtu aliyekutana na mwalimu wake sokoni.

"Chumba hiki nacho ni dumu," alisema. "Hewa isipoingia, kilichomo hakitoki."

"Basi acha mlango wazi, mwanangu."

"Mlango wa nini, Shangazi? Tundu linatosha."

Alileta keekee, akatoboa mlango tundu la kupita kidole gumba. Alifunga kufuli, na sabuni ikatoka vizuri.

"Mnaona?" alisema kutoka nje, na sauti yake ikaingia pamoja na hewa.

Muda si mrefu ikaingia sauti nyingine, ya mtoto anayelia. Blauzi ya Mzazi ililowa pande zote mbili, maziwa yakaanza kudondoka sakafuni.

"Nimemleta," alisema mama yake nje ya mlango.

"Wametufungia, mama."

"Naona. Toa basi hata kidole."

Mzazi alipitisha kidole tunduni. Upande wa pili kilipokelewa na mdomo mdogo wa moto, ukakinyonya kwa nguvu, na kilio kikaisha. Nyuma yake sabuni ilikatika. Maziwa nayo yalikatika.

"Nani ameziba?" aliuliza Komeo nje, aliposikia sabuni haitiririki.

"Mama mtu," alijibu bibi wa mtoto.

"Dada yangu, toa kidole," alisema Komeo kwa upole. "Kazi imesimama."

Mzazi alingoja kidogo, kisha akakitoa. Sabuni ikaendelea kuingia kwenye chupa, na maziwa yakaendelea kudondoka sakafuni. Shangazi alimsogezea kitambaa.