Tuta Lililokandikwa

Hiral na Gregory walichukiana tangu salamu ya kwanza. Gregory, meneja wa mtambo mdogo wa kuchenjua dhahabu nje ya Geita, alitaka mhandisi mwenye mvi. Akaletewa Hiral, binti wa Kambarage, Shinyanga, ambaye baba yake, mzee Jashvant, anauza mabati. Kila Hiral alipofungua kompyuta, Gregory alimuuliza kama mabati yamepanda bei. Hiral alimeza, akapiga hesabu zake kwa hasira, ili amzibe mdomo.

Hesabu zenyewe zilihusu tuta la udongo mweusi wa mbuga, linalozuia bwawa la marudio, lile tope linalobaki dhahabu ikishatolewa. Gregory alitaka bwawa lijazwe mita mbili zaidi. Hiral alipima jinsi udongo ule unavyovimba ukiloa, unavyosinyaa ukikauka na unavyojikaza ukielemewa, akaviingiza vyote kwenye modeli ya kompyuta. Jibu likatoka moja nukta tano: tuta lina nguvu mara moja na nusu ya mzigo litakaobebeshwa. Akasaini. Kisha akashuka mwenyewe hadi kwa Klara, Mama Wema, anayewapikia wachimbaji chini ya tuta, akamwambia alale bila wasiwasi.

Kesho yake alirudi bila taarifa kuchukua kipimo alichokisahau. Akakuta wanawake wanne juu ya tuta na ndoo za udongo mbichi, wanakandika kwa viganja kama watu wanaokandika kihenge. Aliwauliza kulikoni. Wakamjibu bila kificho kwamba ndiyo kazi yao kila anapotarajiwa mgeni. Hata yeye alikandikiwa, na leo wanakuja watu wa mkoa kulikagua tuta.

Hiral alipanda hadi walipo. Akabandua ukoko kwa kisigino, akaona ufa, akachomeka humo nondo ya mita mbili. Ikazama yote. Modeli yake ilikuwa imeuchukulia udongo ule kuwa mwili mmoja usio na mpasuko. Yeyote aliyewahi kulima mbuga angemwambia inavyopasuka kiangazi, lakini hakumuuliza mtu. Alikuwa na haraka ya kumshinda Gregory.

Gregory alipofika akihema, Hiral alikuwa ameshauelekeza mpira wa maji kwenye ufa. Dakika ishirini maji yalimwagika, na ufa haukujaa.

“Funga maji,” Gregory alisema. “Saini ni yako, si yangu. Utawaambia nini, kwamba hujui hesabu?”

“Nitawaambia hivyo hivyo.”

“Na nani atakupa kazi tena?”

Hiral alijua ni kweli, na akamchukia zaidi kwa kuisema. Akawapigia simu watu wa mkoa palepale, akataja jina lake kamili, akasema hesabu zake ni mbovu na bwawa lisiongezwe hata ndoo moja. Gregory alitema mate chini, akaenda zake.

Mara Klara akapanda kutoka bondeni, kanga imelowa hadi magotini. Maji yalikuwa yametokeza kwenye mafiga yake yakazima moto. Hiral alimwamkia, shikamoo haikuitikiwa. Akamweleza yote, akamwomba ahame leo hii. Klara alimsikiliza hadi mwisho, huku akikamua upindo wa kanga.

“Jana ulinishika mkono ukaniambia nilale,” alisema. “Nikalala. Na wanangu nikawalaza.”

Akashuka kufungasha. Hiral akamfuata, akainua sufuria kubwa ili amsaidie kubeba. Klara akamnyang'anya, akamwambia asiguse chombo chake.